Mlango wa Mume Wangu

Mimi kukaa bure siwezi. Nikiingia nyumba ya watu nikaona bawaba imelegea, mkono unaniwasha. Kanisani, benchi likilia kila mtu anapoinuka, mahubiri yananipita, nawaza msumari. Ni ugonjwa wa kurithi. Baba yangu ni seremala Mafinga, mji ambao mashine za kupasua mbao zinakuamsha kabla ya jogoo, na sisi watoto wake, wa kike kwa wa kiume, tulikulia kwenye maranda. Nilijua kushika randa kabla sijajua kusuka nywele.

Mwanaume aliyenioa hajui kupigilia msumari. Nasema hivyo kwa upendo, lakini nasema. Yeye ni mtu wa mchele: ananunua Madibira, anauza Mbeya, na kwa maneno anaweza kumuuzia mkulima mpunga wake mwenyewe. Ila mpe nyundo uone. Mwaka wa kwanza wa ndoa alijaribu kutundika saa ukutani, akachimba tundu la kupita panya, saa ikaishia juu ya kabati. Tangu hapo nyundo nikaishika mimi. Paa, bomba, vitasa, waya wa pasi, miguu ya meza, vyote vilipita mkononi mwangu jioni nikitoka shuleni ninakofundisha. Hatukugombana juu ya hilo hata siku moja, na pesa ambayo wenzetu waliwapa mafundi sisi tulikula nyama.

Tatizo lilikuwa kwao. Mume wangu ni Mnyakyusa wa Rungwe, na katika ukoo wao mwanaume anapimwa kwa anachojenga. Baba yake alisifika ujanani kwa nyumba za mianzi. Wazee wenzake mpaka leo wanasimulia kuta zake. Siku moja, tukiwa wageni kwenye ndoa bado, mzee alimwuliza mwanawe kwenye simu nani aliyeezeka upya banda letu la kuku. Nilikuwa nimekaa pembeni nina vumbi la bati kwenye nywele.

"Nimeezeka mimi, baba," mume wangu akajibu.

Ilitoka tu. Lakini neno likitoka halirudi, na kuanzia siku hiyo kila nilichotengeneza kilikuwa chake simu ya kijijini ilipopigwa. Mzee akawa anatamba kilabuni kwamba mikono yake imeenda kwa mwanawe. Niliumia? Niliumia sana. Lakini mke haendi kumvua mumewe nguo mbele ya baba yake, nikanyamaza, nikaendelea kugonga.

Na mzee asingeweza kujionea, kwa sababu kwao mkamwana na baba mkwe hawaonani. Wengi wameacha; kanisani kwetu wapo wanaokula meza moja. Yeye hakuacha. Siku ya harusi yetu aliketi nje ya ukumbi, akala huko huko. Tukienda Rungwe nikamwona anakuja njiani, ni mimi ninayeingia kwenye mahindi mpaka apite. Sauti yake niliijua kutoka kwenye simu ya mume wangu. Yangu hakuwahi kuisikia.

Basi mzee akapata ugonjwa wa macho, ikaamuliwa afanyiwe upasuaji Mbeya, na akitoka hospitali akae kwetu mpaka daktari amruhusu. Chumba cha wageni hakikuwa na mlango, kilikuwa na pazia. Nikasema nitautengeneza.

"Hapana," mume wangu akasema. "Chumba cha baba nitakiwekea mlango mwenyewe."

Nilifurahi, halafu nikaogopa. Alinunua mlango wa msonobari Mafinga, barabarani, akauleta juu ya magunia ya mchele. Ilikuwa mwisho wa kiangazi, hewa kavu, midomo inapasuka. Aliufunga siku nzima, mimi nimekatazwa kusogea. Kwanza aliuweka ufungukie koridoni badala ya chumbani, kwa hiyo anayetoka anaweza kumpiga anayepita. Pili, skrubu zilimshinda, akapigilia bawaba juu ya ubao kwa misumari. Hayo niliyameza. La tatu lilinishinda.

"Baba watoto, acha nafasi kidogo juu na pembeni. Msonobari unakunywa unyevu. Mvua zikianza, huo utavimba."

"Nafasi ya nini? Baba akiona mwanya atadhani nimekata vibaya."

"Baba yangu huacha upenyo wa kupitisha sarafu."

"Sasa huyu ni baba yangu."

Ulipofunga, ulifunga kama kifuniko cha sufuria mpya. Aliufungua na kuufunga jioni nzima, jasho linamtoka, anacheka peke yake. Ndicho kitu pekee alichowahi kutengeneza katika nyumba yetu. Ningesema nini? Niliutafuna ulimi wangu, nikaenda kupika.

Mzee akaja na jicho limefunikwa plasta, mvua zikaja nyuma yake. Shule zilikuwa zimefungwa, watoto wako kwa mama yangu Mafinga, na mimi nikawa mkimbizi ndani ya nyumba yangu. Nilijifunza kusikiliza fimbo yake. Ikigonga sebuleni, mimi jikoni. Ikigonga koridoni, mimi uani, hata kama mvua inanyesha. Chakula cha mchana nilikiweka mezani, nikakohoa, nikarudi jikoni na kufunga. Naye akimaliza anakohoa. Tuliishi kwa kikohozi kama watu wenye mafua.

Halafu bomba la bafuni likaanza kudondosha. Kazi ndogo kabisa, mpira tu umeisha. Mume wangu akaniomba kwa mikono miwili nisiliguse, maana mzee yuko ndani mchana kutwa, atasikia nani anagonga. "Nitalitengeneza mimi," akasema. Jioni aliingia bafuni na bisibisi, akasimama humo kitambo, akatoka. Tone, tone, tone. Nilifagia uwanja uliofagiliwa. Nilipanga upya ghala la mkaa. Nilinoa visu mpaka mboga zikawa zinakatika zenyewe. Usiku nililala nimekunja ngumi, na mume wangu akinigusa namwambia sijambo, nimechoka tu, wakati sijafanya kazi yoyote ya kunichosha. Nilimkasirikia yeye, na baba yake, na mwanzi wa kwanza kukatwa Rungwe.

Ndipo ikaja asubuhi ile. Mume wangu alikuwa ameondoka mapema kwenda Madibira. Mvua ilikuwa imenyesha mfululizo, kuta zinatoa jasho. Niliweka uji mezani, nikakohoa, nikaingia jikoni. Nikasikia kitasa kinazungushwa. Kikazungushwa tena. Fimbo ikagonga chini. Kisha nikasikia bega la mtu likipiga ubao.

Daktari alikuwa amekataza asiiname, asinyanyue kitu, asijikaze kwa lolote, jicho lisije likaharibika. Nikamsikia anarudi nyuma ili apige tena.

"Usisukume!"

Bega halikupiga tena. Neno langu la kwanza kwa baba mkwe wangu lilikuwa amri, tena ya kupiga kelele. Nilikuwa nimekimbilia koridoni, nimesimama na mkono mdomoni kama mwanafunzi aliyemtukana mwalimu mkuu.

Kisha mzee akasema, polepole, si kwangu:

"Wewe mlango. Mzee ana haja ya kwenda nje."

Nikaelewa. Uji ungeweza kusubiri, haja haisubiri. Niliwaza kuita kijana wa bodaboda hapo kona, lakini angeona misumari kwenye bawaba, na mchana huo huo mtaa mzima ungecheka mlango wa mume wangu. Nikampigia fundi mmoja, akasema yuko njiani. Njiani ya fundi sote tunaijua. Ndani fimbo ilianza kugonga haraka haraka, na mimi mkono ukawa unawasha kuliko siku zote.

Nikajifunga kanga kiunoni, nikavuta kisanduku changu cha vifaa chini ya kitanda.

"Mlango," nikasema, nikiutazama ubao, "mwambie mzee akae kitandani, asikuguse. Utatoka sasa hivi."

"Mlango," mzee akajibu, "mwambie fundi afanye upesi."

Hapo ndipo kosa la mume wangu lilipotuokoa. Kwa kuwa aliufungulia koridoni, bawaba zilikuwa upande wangu. Na kwa kuwa alipigilia misumari, niliing'oa kwa makucha ya nyundo, mmoja mmoja, ikilia kama panya. Nilipofika bawaba ya chini nilikuwa nimesahau kuogopa. Mikono ilikuwa kazini baada ya majuma ya kufungwa, na mwili mzima ukatulia. Niliingiza patasi kwenye ufa, nikakandamiza, mlango ukaguna ukaanza kuachia upande wa bawaba.

Nikagundua jambo jingine. Mlango ukitoka, tutatazamana.

Nikaukumbatia. Niliushika kingo zote mbili, uso wangu nimeugandamiza kwenye mbao, nikauvuta, ukatoka mzima mikononi mwangu. Nikarudi kinyumenyume koridoni nimeubeba mbele yangu, mzito, unanukia utomvu, na nyuma yake fimbo ya mzee inakuja. Nilirudi hadi sebuleni, nikageuka nao kama mtu anayecheza ngoma na mlango, ili apite. Aliharakisha kwenda uani. Aliporudi nilikuwa bado nimesimama pale, mikono inauma, nashindwa kuuweka chini. Fimbo ikasimama. Najua aliona vidole vyangu, vinane, vinne kila upande.

"Ndaga fijo, fundi," akasema. Ni asante sana ya kwao. Akaingia chumbani kwake kusiko na mlango, akalishusha pazia la zamani.

Mume wangu alirudi jioni. Mimi nilikuwa jikoni nimefunga, sikio kwenye tundu la kitasa. Nilisikia akiweka mzigo, kisha hatua zake zikasimama. Mlango wake ulikuwa umeegemezwa ukutani.

"Baba, mlango umefanyaje?"

"Umevimba, ukanifungia. Fundi ameutoa."

"Fundi gani?"

"Mimi ndiye ninayekuuliza. Fundi wa nyumba hii ni nani?"

Bafuni bomba lilikuwa likidondosha. Nilishika mwiko, na ugali ukaanza kuungua, nikauacha uungue. Nilimwombea mume wangu aseme. Nilimwombea pia asiseme, maana nilijua jina lake kwa baba yake lilikuwa limesimama juu ya hilo tu, na nikikumbuka alivyocheka jioni ile anafungua na kufunga, moyo ulinikatika.

"Baba," akasema mwishowe, sauti ndogo, "huo mlango ndio wangu. Vingine vyote ni vya mwenzangu."

"Banda la kuku?"

"Lake."

"Geti?"

"Lake, baba."

"Na hilo bomba linaloniimbia usiku kucha?"

"Hilo mimi nilimkataza."

Kisha nikasikia kiti kinalia, fimbo inagonga, na sauti yake ikipandishwa makusudi kidogo ili ivuke ukuta:

"Mimi natoka nje kuangalia kama mvua imekatika. Nitakawia."

Mvua haikuwa imekatika. Alisimama chini ya upenu wa nyuma, na mimi nikaingia bafuni na spana. Mume wangu akaja akasimama mlangoni, amelowa uso, sijui kwa mvua au kwa nini. Nikampa tochi amulike. Mwanga ukawa unaruka ruka ukutani.

"Mulika hapa," nikamwambia. "Tulia."

Mlango niliupiga randa siku iliyofuata, nikaurudisha kwa skrubu na kuuachia nafasi. Niliuacha ufungukie koridoni, kama alivyoufunga yeye. Watu wananiuliza kwa nini, nawaambia ndivyo mume wangu alivyopenda.

Mzee alipona, akarudi kwake. Mimi naye bado hatuonani, na sitegemei tutaonana. Ila wakati wa Pasaka simu ililia, mume wangu akaisikiliza, akaiweka chini akanitazama kwa namna ambayo sikuijua.

"Baba anasema jikoni kwa mama panavuja. Anasema Jumapili baada ya ibada atashinda kwa mdogo wake. Ngazi ameiegemeza ukutani."

"Na wewe?"

"Anasema mimi nije nikushikie ngazi."

Tulikwenda. Mama mkwe alitupa chai, kisha nikapanda, mume wangu chini amekumbatia ngazi kwa mikono miwili. Nilipofika juu nikaona, ng'ambo ya migomba, baraza ya mdogo wa mzee. Wengine walikuwa wamekaa. Yeye alikuwa amesimama peke yake, ametugeuzia mgongo kama inavyotakiwa, kichwa amekiinamisha kidogo, anasikiliza.

Nikachukua msumari, nikagonga polepole, ili asikie vizuri.