Mfongo Nilioandika Kwamba Umekufa

Iko siku moja naikumbuka, mwanangu, na laiti kungekuwa na mtu wa kuikumbuka badala yangu, ningempa hata leo. Sijawahi kuisimulia hapa nyumbani. Mama yako mkubwa anaijua nusu. Lakini Jumapili iliyopita ulipotoka kanisani ukapita kunisalimia, ukaniambia umeajiriwa idara ya ujenzi ya halmashauri, nilifurahi mpaka nikaagiza jogoo achinjwe. Kisha wakati tunakula ukatoa simu, ukanionyesha picha zilizopigwa na kile kidude chenu kinachoruka. Ukasema, "Baba mkubwa, siku hizi kukagua ni mteremko tu. Hatuhangaiki kupanda. Bonde lote liko humu." Nikapaliwa. Wewe ukadhani ni mfupa, ukanipiga mgongoni.

Haukuwa mfupa. Kaa chini unisikilize.

Nilikuwa na umri kama wako, nimetoka chuoni, fundi sanifu wa barabara katika halmashauri ya mji mmoja hapa hapa chini ya mlima. Usinishike shati nikutajie ni mji gani, nikifika mwisho utautambua mwenyewe. Waliokuwapo wanaujua, na wasiokuwapo jina halitawasaidia kitu. Nilikuwa na suruali yenye mstari wa pasi na viatu vyeusi nilivyonunua Moshi kwa mshahara wangu wa kwanza. Viatu hivyo uvishike akilini, vina sehemu yao katika habari hii.

Mji ulikuwa unakata barabara mpya ya changarawe ya kupandia zahanati. Watu walikuwa wameisubiri kwa miaka, wajawazito wakibebwa kwa machela migombani. Mahali pamoja barabara ile ilikatiza mfongo, yaani mfereji wa zamani, mmoja wa ile ambayo wazee wetu waliichimba kuleta maji kutoka mtoni kule juu mpaka vihambani, kwenye mashamba yetu ya migomba. Mfongo ule ulikuwa mkavu. Swali likawa moja tu. Je, tuweke kalavati kubwa ili maji yapate kupita chini ya barabara, au tuufukie mfongo na kuweka tuta juu yake? Mhandisi wetu, mtu mpole asiyependa maneno mengi, aliniita akanipa fomu ya ukaguzi.

"Nenda kwa mzee mwenye mfongo," akasema. "Upite wote pamoja naye, toka mwisho mpaka kwenye banio. Ukirudi uniandikie kama uko hai au umekufa. Nitafuata neno lako."

Neno langu! Mtoto wa juzi, bado nalamba mwiko.

Sasa wewe umekulia mjini, hujui sharti la mfongo. Mfongo una ukoo na una mwenyewe. Huruhusiwi kuugusa, kuugeuza wala kuufukia kabla hujaupita kwa miguu yako, wewe na mwenyewe, mpaka kwenye banio, pale maji yanapotekwa kutoka mtoni. Mazungumzo yenu yanafanyika kule juu, hayafanyiki chini. Babu yangu alinipitisha kwenye mfongo wetu nikiwa sijaanza shule, na nilipochoka akanikataza kukaa. Kwa hiyo nisijitetee kwamba sikujua. Nilijua vizuri sana.

Mwenye mfongo aliitwa Mzee Ndelilio, mzee mwembamba mwenye koti kuukuu lililokatika vifungo. Nilimkuta akikata majani ya ng'ombe. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akaniuliza kwa Kichagga mimi ni wa ukoo gani. Nikamjibu kwa Kiswahili, tena Kiswahili cha ofisini. Nilikuwa na dereva aliyehamia kwetu kutoka Dar, nikaona haya asije akaniona mtu wa migombani. Mkataa kwao mtumwa, na siku ile mtumwa alivaa suruali ya pasi.

"Haya, twende juu," mzee akasema. "Ni mwendo wa saa mbili. Huko kuna kitu nataka ukione kwa macho yako."

Nikakitazama kile kinjia. Kulikuwa kumenyesha, tope jekundu limelainika. Nikatazama viatu vyangu.

"Mzee, mfongo wako nimeshauona kwenye ramani," nikamwambia.

Akanitazama toka utosini mpaka miguuni. "Ramani yako imewahi kulowa?"

Dereva akacheka. Mimi nikaona nimedhalilishwa mbele ya mtu baki, nikafunga jalada langu kwa kishindo. Ndiyo kusema, mwanangu, tope na aibu kidogo, basi. Nikikumbuka jinsi sababu yenyewe ilivyokuwa ndogo, natamani kujizaba kofi.

Mkewe, Mama Anaeli, alikuwa ametupikia kiburu, ndizi zilizopondwa na maharage. Akaniuliza mama yangu ni nani. Nilipomtajia akapiga makofi, akasema walipata kipaimara siku moja. Alipoona naondoka mapema akaingia mgombani, akakata mkungu mzima, akauweka nyuma ya gari. "Mtoto wa mwenzangu hawezi kutoka kwangu mikono mitupu," akasema. Nikamjibu aika, yaani asante, neno langu pekee la Kichagga siku ile. Ndizi zile nilizila wiki nzima.

Kesho yake nikaketi na fomu. Palipoulizwa nimekagua vipi, nikaandika: kwa miguu, mpaka kwenye banio. Palipoulizwa hali ya mfongo, nikaandika: umekufa. Nikatia sahihi yenye mkia mrefu. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilitoka kwenye kiti ikaishia mezani.

Barabara ikajengwa bila kalavati. Diwani akahutubia, akina mama wakapiga vigelegele, nami nikatajwa jina. Masika ya kwanza yakapita salama, na ya pili nayo. Mzee Ndelilio alikuja ofisini kuniulizia mara mbili. Mara zote mbili nilimwambia mhudumu aseme nimekwenda saiti, na mara ya pili nilikuwa nyuma ya mlango nikimsikia mzee akikohoa. Kosa likikaa kimya usidhani limeondoka.

Masika ya tatu mvua ilinyesha mlimani siku nne mfululizo. Siku ya tano, kama saa moja asubuhi, maji yakashuka kwa njia ya ule mfongo niliouandika umekufa. Yakalikuta tuta langu. Hayakuwa na pa kupita, yakajaa nyuma yake, yakapindukia pembeni, kwenye kihamba cha Mzee Ndelilio.

Mama Anaeli alikuwa bandani akikamua. Jirani aliyemwona alisema mama yule alisikia mvumo akatoka mbio, na angepona, ila alikumbuka ng'ombe amefungwa. Akarudi kumfungua. Tulimpata saa nne, chini ya tope na mbao za banda, kamba ingali mkononi. Ng'ombe alikuwa mzima, amesimama upande wa pili wa barabara akila majani.

Mimi nilikuwa miongoni mwa waliochimba. Nilichimba mpaka viganja vikachubuka. Kijana mmoja akaniambia, "Pole sana, bwana mkubwa, umejitolea." Nikaitikia, nikasema asante. Niliitikia, mwanangu! Mpaka leo naisikia sauti ile ya asante yangu.

Kisha ikaandikwa taarifa. Ilisema ni mvua zisizo za kawaida, ni kazi ya Mungu. Hakuna aliyeniuliza chochote, maana fomu yangu ilikuwa jaladani ikishuhudia kwamba mtu alipanda mpaka juu akaona mfongo umekufa. Tulimsingizia Mungu kwa karatasi ya serikali, na muhuri tukagonga.

Chakula kikanishinda. Baba yangu akanibana, nikamwambia yote. Hakunipiga wala kunitukana. Alikwenda mpakani mwa kihamba akakata isale pamoja na shina lake, akanipa nishike. Unayajua masale, yale majani marefu tunayopanda kuonyesha mipaka. Kwetu ukimkosea mtu ukampelekea isale, halikataliwi. Atake asitake, lazima akusikilize na akusamehe.

Tukaenda, baba mbele, mimi nyuma. Kaburi lilikuwa bado jipya, kati ya migomba aliyoipanda mwenyewe. Nikapiga magoti mbele ya Mzee Ndelilio, na safari hii nikasema kwa Kichagga. Nikasema sikupanda. Nikasema niliandika kwamba nimepanda. Nikasema nilikuwa nyuma ya mlango.

Akalipokea isale. Akapangusa udongo kwenye shina lake, akaliegemeza ukutani.

"Isale halikataliwi," akasema. "Nimekusamehe, kwa kuwa mila hainiruhusu nisikusamehe." Akainuka, akachukua fimbo. "Sasa twende juu."

Tulipanda kwa saa mbili, mfiwa mbele na mimi nyuma. Kwenye banio nikaona alichotaka nikione tangu mwanzo. Mti mkubwa ulikuwa umewahi kuangukia mdomo wa mfongo pamoja na mawe, ukauziba. Ndiyo maana chini kulikuwa kukavu. Nyuma ya ule mti mto ulikuwa umekula ukingo mwaka hadi mwaka, ukikusanyika hapo. Shina likaoza, masika yale likaachia, na mto ukaingia mfongoni wote. Vipande vyake vilikuwa vingali pale, vyeusi, laini kama ugali. Mtu yeyote aliyefika angejua, hata asiyesoma. Mfongo haukufa kamwe. Ulikuwa umezibwa tu.

Nikalia kama mtoto. "Mzee, kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia ungeandika mzee anadai," akajibu. "Mti ule ulitushinda sisi wazee. Nilitaka macho ya serikali yaone, yalete watu na minyororo. Nikakufuata ofisini mara mbili."

Akageuka akaanza kushuka. Tangu siku ile mpaka alipozikwa aliitikia shikamoo yangu, na zaidi ya hapo hakunipa neno.

Nilitamani habari iishie hapo, nionekane nimetubu. Lakini nimeamua kukwambia yote. Nilimwandikia Mhandisi barua ya kukiri. Akaisoma, akairudia tena, kisha akanirudishia mkononi. "Faili limefungwa," akasema. "Ukilifungua tunaondoka wote." Nami nikaikunja ile barua nikaitia mfukoni. Kumpigia magoti mzee niliweza, kupoteza kazi sikuweza. Nimestaafu kwa heshima, nikapewa saa ya ukutani, ile pale.

Mwaka uliofuata kalavati likajengwa, kubwa na zuri. Mzee Ndelilio akapanda kando yake lile isale nililompelekea. Sasa ni kichaka. Ulipokuwa mdogo ukija likizo, kila tulipopita pale kwenda zahanati uliniuliza kwa nini baba mkubwa anavua kofia mahali pasipo na mtu, nami nikakujibu ni jasho. Haya, leo umejua.

Basi nasaha yangu ndiyo hii. Kamwe usiandike nimeona kwa kitu ulichoonyeshwa. Kidude chako kirushe, sikikatai, kina macho makali kuliko yangu, ila hakiwezi kuinama kuchungulia chini ya mti. Mwenye mahali akikwambia twende, nenda, hata kama umechoka, hata kama amekufanya uchekwe na watu. Mtu akija ofisini kwako mara mbili, jua kuna jambo linalomleta, toka nyuma ya mlango. Usione haya kwa lugha ya mama yako. Na siku utakapokosea, maana utakosea tu, sema siku hiyo hiyo, na barua yako ikirudishwa mkononi ipeleke kwa mwingine. Mimi yangu sikuipeleka, na Mama Anaeli mpaka leo yumo kwenye karatasi za serikali kama mtu aliyeuawa na mvua.

Umesema Alhamisi una fomu ya kusaini ya mtaro wa kule juu ya soko. Njoo mapema, uje na buti. Magoti yangu hayafiki mbali, lakini nitakusindikiza mpaka kwenye lile kalavati, njia ni hiyo hiyo. Hapo nitakaa nikungoje, wewe upande na mwenye mahali mpaka mwisho. Ukirudi nitatazama kwanza tope la viatu vyako, ndipo nikupe kalamu.

Mungu wa wazee wetu, aliyeyapa maji ya mlima huu njia zake, akupe miguu isiyokimbia tope na mkono usio mwepesi wa kusaini. Akulaze usingizi ambao mimi sijaupata tangu asubuhi ile. Na asikuache hata siku moja ukaitikia asante isiyo yako.