Sola Zilizougua Jua Nandagala

Nilifunga safari ya Ruangwa kwa sababu sola zangu zilikuwa zinaugua jua. Tangu nimalize masomo ya uzamivu kazi yangu ni moja: kutengeneza seli za silikoni, vile vipande vyembamba vya rangi ya bluu vinavyogeuza mwanga kuwa umeme. Paneli zangu za majaribio nilizifunga Nandagala, kijiji cha huko Ruangwa, uani kwa Mama Somoe, ziendeshe friji yake ya juisi ya ubuyu huku kifaa kidogo kikinitumia vipimo Dar es Salaam. Wakati wa mvua umeme ulikuwa mzuri. Kiangazi, jua likiwaka kwelikweli, ulishuka. Sola inayougua jua ni sawa na samaki anayeogopa maji, na wenzangu wa maabara hawakuchoka kunitania. Mkuu wetu hakutania. Alisema nikirudi bila sababu inayoeleweka, utafiti unafungwa. Nililia kidogo, nikanawa uso, nikaenda kukata tiketi.

Nachingwea, nyumbani kwetu, niliingia alasiri ili nilale njiani. Mama alikuwa ameshatangaza mtaa mzima kwamba mwanawe daktari anakuja, kwa hiyo barazani nilimkuta jirani yetu, Bi Asha, ameniletea goti lake.

"Mimi ni daktari wa sola, mama yangu," nilimwambia.

"Basi na goti nalo nilianike?" aliuliza, tukacheka sote.

Jikoni Mama alinipa majani ya kisamvu niyaoshe. Nilipomaliza akayatazama, akayarudisha kwenye beseni.

"Rudia. Watu wamepulizia mikorosho asubuhi, salfa yote imehamia kwangu."

Nikarudia, maji yakatoka ya manjano. Nimekua na unga ule wa dawa ya mikorosho. Harufu yake kwangu ndiyo harufu ya kiangazi. Nilikula, nikalala, nikiwaza seli zangu tu.

Kesho yake asubuhi nilipanda gari la Ruangwa, na kutoka mjini pale nikachukua bodaboda. Ufuta ulikuwa umeshavunwa. Kwenye mikorosho, wanaume wenye mashine mgongoni walikuwa wakipuliza mawingu ya manjano juu ya maua.

"Dokta, funga mdomo, tunapita kwenye salfa!" dereva alipiga kelele.

Nikajifunika mtandio. Kichwani nilikuwa nikipiga hesabu za joto linavyopunguza umeme wa seli, na kila hesabu ilinipa jibu baya kuliko la kwanza.

Nandagala, Mama Somoe alinipokea na kikombe cha juisi, ya vuguvugu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Friji imechoka, utanisamehe. Lakini sola yako ipo kama ulivyoiacha, hajaigusa mtu."

Kweli hakuna aliyeigusa. Alikuwa ameizungushia miba, hata kuku hawasogei. Kila nilipompigia simu kuuliza hali ya paneli, jibu lilikuwa hilohilo, nami nikaridhika. Maabara kwetu silikoni haishikwi kwa kidole, maana jasho la mkono linaiharibu. Kwa mazoea yaleyale, siku ya kuzifunga nilimwagiza: msiziguse kabisa. Nilisahau kwamba zikishakuwa paneli zimefunikwa kioo, na kioo hufutwa.

Niliisogeza miba, nikatazama. Kioo kilikuwa cha manjano kama sahani iliyoliwa biriani. Nilipitisha kidole, nikanusa. Salfa, ileile ya kisamvu cha Mama!

"Mama Somoe, hukuona uchafu huu?"

"Niliona, mwanangu. Mkono uliniwasha kuufuta! Lakini daktari ulishasema. Na salfa si ndiyo dawa ya mikorosho? Nikajua na sola nayo inapata dawa yake."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Tukaleta ndoo, akavua kanga ya mabegani, tukaosha. Unga ulioganda kwa umande ulitoka taratibu. Nilisoma kipimo: umeme ulikuwa umerudi palepale pa wakati wa mvua. Ndani friji ilinguruma, Mama Somoe akapiga kigelegele, nami nikacheza uani na miguu yangu yenye maji. Mvua ndiyo iliyokuwa ikinifanyia usafi muda wote.

"Sasa niziguse?" aliuliza nilipokuwa naaga.

"Ziguse, mama. Kila wakishapulizia."

Nikiwa Ruangwa mjini nilimpigia simu mkuu wetu, nikamwambia seli ni nzima ila zilikuwa chafu. Akasema njoo tuendelee. Nilifurahi kuliko siku niliyopewa shahada. Nimejifunza kwamba niliilinda silikoni yangu dhidi ya vidole vya watu, nikasahau kwamba inaishi kwenye mashamba yao.

Nachingwea, Mama na Bi Asha walikuwa barazani wakinisubiri.

"Vipi wagonjwa wako?" Mama aliuliza.

"Wamepona."

"Kwa dawa gani?"

"Maji na kanga."

Mama akamgeukia Bi Asha kwa maringo yote. "Si nilikwambia ni daktari?"