Kiatu cha Kushoto cha Kwenda kwa Mtakatifu Anna

Saa moja asubuhi, fundi viatu amebana kiatu cha mwanamke katikati ya magoti, uzi mdomoni. Viatu vya wateja, jozi kumi na moja, vimelala sakafuni. Anayekuja kulalamika anajibiwa bila kutazamwa: "Rudi mchana. Hiki kina tarehe."

Tarehe ni Julai 26, sikukuu ya Mtakatifu Anna. Leo novena imeanza, zile siku tisa za kusali kabla ya sikukuu. Kiatu ni cha mkewe.

Miaka miwili iliyopita mama huyo alipooza upande wa kushoto. Fundi akaweka nadhiri: mkewe akipona, yeye atatembea kilomita tisini hadi kanisa la mlimani alikobatizwa mkewe, awashe mshumaa kwenye altare ndogo ya Mtakatifu Anna, siku ya sikukuu yake.

Mke alipona, ila anaburuta mguu. Mwaka jana fundi akafunga safari, kiatu cha kushoto cha mkewe kikiwa mkobani kwa niaba yake. Siku tatu kwa miguu.

"Nafika," anasimulia fundi, "padri anatoka amevaa kijani, si nyeupe ya sikukuu. Mtakatifu Anna hatajwi! Namuuliza mama mmoja, ananiambia, 'Baba, leo Jumapili, siku ya Bwana. Watakatifu wanapisha.'"

Alikuwa amehesabu kilomita na mikate ya njiani. Siku ya wiki hakuiangalia.

Padri alimwambia Mungu ameipokea safari yake. Fundi hakuridhika. "Nikimpa mteja kiatu kimoja, kazi imekwisha? Sikukuu haikuwepo, basi nadhiri haijalipwa."

Mwaka huu sikukuu ni Jumatatu. Ameuliza parokiani mara tatu. Tatizo ni goti lake la kulia, limevimba tangu Pasaka.

"Baba, si upande basi tu?" anasema binti yake.

"Nadhiri haikutaja basi."

"Haikutaja goti pia."

Mkewe, aliyekaa kwenye benchi la wateja, anawakatiza wote wawili. "Nadhiri ni yako, mguu ni wangu. Safari hii kiatu hakiendi bila mimi."

Mpango ni wake. Mume atembee, kwa sababu hashauriki. Yeye atapanda basi, wakutane chini ya mlima, kisha apande ngazi arobaini za kanisa kwa miguu yake.

Ndiyo maana kiatu hiki kina soli nyepesi, ncha imeinuliwa ili vidole visikwae. Ni cha tatu. Cha kwanza kilikuwa kizito. Cha pili kilimwangusha kizingitini.

Fundi anakata uzi, anamvisha. Mama anashika ukuta, anauachia, anavuta hatua hadi mlangoni. Ncha inavuka kizingiti.

"Vipi?"

"Kinabana."

"Kitaachia."

"Kwenye ngazi ya ngapi?"

"Ya thelathini hivi."

Mama anageuka polepole, bila kushika kitu.

"Basi wewe njoo na kiberiti. Mshumaa nitaubeba mimi."