Vidole Kumi vya Koko

Mpaka leo, harufu ya wino wa muhuri hunipandisha mori.

Jirani yetu alikuwa amefariki akijifungua, kwa sababu dispensari ya mtaa wetu pale Kitengela haikuwa na muuguzi. Mama alizunguka nyumba hadi nyumba na barua ya kuomba muuguzi, nami nikimbebea wino. Wasiojua kuandika waliweka kidole gumba. Koko mmoja, nyanya wa Kimaasai, aliweka vidole vyote kumi.

“Ndio serikali iamini,” alisema.

Tukaipeleka barua Kajiado, kwenye ofisi ya afya. Afisa aliitazama, akacheka.

“Mama, hawa watu wako hata kusoma hawajui.”

“Kusoma hawajui,” mama alimjibu, “lakini kuzika wanajua.”

Afisa akaweka kikombe cha chai juu ya alama za vidole vya koko, akamwita anayefuata.

Muuguzi aliletwa miaka mitatu baadaye, tukiwa tumezika wanawake wengine wawili. Afisa yuleyule ndiye aliyekuja kukata utepe. Alisema serikali imesikia kilio chetu, na watu wakampigia makofi. Nami nikainua mikono nipige pia. Mama akaishika yote miwili, akaibana mpaka hotuba ikaisha.