Shikamooni kwa Wafungwa

Mkono wangu ukinukia chuma kilicholowa mvua, kama leo baada ya kushika reli ya ngazi za kituo cha treni cha Hallonbergen, huku ughaibuni, namkumbuka bibi akipapasa kibao cha shaba ukutani, kule mji wa kale, katikati ya jiji letu.

Alikuwa amekuja kututembelea kutoka Tanzania. Wiki nzima nilimjibu kwa kutikisa kichwa tu, maana niliogopa kukosea Kiswahili mbele yake. Hadi leo niko hivyo: huipanga sentensi kichwani mpaka watu wanabadilisha mazungumzo.

"Kimeandikwa nini, mume wangu?" aliniuliza, kwa ule utani wa bibi na mjukuu. Mama alikuwa ameingia dukani, sikuwa na wa kunisaidia.

"Hapa... palikuwa na gereza," nilisema, masikio yakiniwaka moto. "Zamani sana. Miaka mia kadhaa."

Nilingoja anisahihishe. Yeye akaweka vizuri khanga yake juu ya koti. "Basi waliofungwa humu ni wakubwa zetu. Mbona huwaamkii?"

"Wamekufa, bibi."

"Kwani nimekuuliza habari za afya zao?"

Nikauinamia ukuta. "Shikamooni." Watalii wakageuka.

Bibi akaziba mdomo kwa khanga, akaitikia kwa sauti nzito ya kiume: "Marahaba, mjukuu wetu. Chai ya humu haina sukari."

"Subirini, Mama yuko dukani, nitamwambia awanunulie," niliropoka. Na kwenye treni ya kurudi nyumbani Rinkeby, njia nzima, bibi ndiye aliyekosa nafasi ya kusema.