Jogoo Aliyerudishwa Mnadani

Harufu ya kuku aliyelowa ukungu hunirudisha Lupembe papo hapo, hata niwe darasani Makambako na chaki mkononi. Chekeni tu, nimezoea. Wengine hukumbuka utoto wao kwa harufu ya maandazi. Wangu unanuka jogoo.

Nilifika Lupembe nikiwa nimetoka kumaliza darasa la saba, na kumzika mama. Baba nilikuwa simkumbuki hata sura. Bibi, mama yake mama, alinipokea katika nyumba yake katikati ya mashamba ya chai, akanivika sweta lake lililonifika magotini na kunifundisha kuchuma majani kabla lori la kiwanda halijapita. Hakuwa na maneno mengi. Alinipikia viazi, akanitazama nikila mpaka nikamaliza.

Kisha akaja mwinjilisti wa mtaa wetu na habari kwamba sekondari ya kanisa kule Njombe mjini ilikuwa tayari kunipokea, mimi yatima wa watu. Bibi alipiga kigelegele peke yake jikoni. Lakini barua ile ilikuja na orodha: ada, godoro, sanduku la bati, jembe, ndoo. Nisiporipoti Jumatatu ya juma lililofuata, nafasi angepewa mwingine. Kigelegele kikakatika.

“Tutakwenda Jumapili na jogoo,” Bibi akasema, kama mtu aliyekwisha kumaliza jambo.

Jogoo mmoja! Nilimwona Bibi amechanganyikiwa. Hata hivyo Jumapili nilimbeba kwapani, amefungwa miguu, tukapita kwenye ukungu mzito mpaka kanisani. Tulipofika alikuwa amelowa chapachapa, shingo imekonda, aibu tupu.

Sasa mnielewe. Mimi nilikulia stendi ya Makambako, mama akiuza uji hata Jumapili, na mambo ya mnada wa kanisani sikuyajua kabisa. Baada ya ibada watu walitoka nje, wakazunguka meza yenye mayai, maboga na mikungu ya ndizi. Mzee Mlowe, mzee wa kanisa mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde, akanisimamisha kando yake ili wote wanione. Kisha akamwinua jogoo wetu juu.

Mama Sanga fundi cherehani alimnunua wa kwanza. Akampokea, akamtazama, halafu akasema, “Arudi mnadani.” Akamrudisha! Dereva wa lori la chai akamnunua, naye akamrudisha. Mwalimu mkuu vivyo hivyo.

Masikio yaliniwaka moto. Stendi kwetu mteja akirudisha kitu ujue kina kasoro, na matusi yako njiani. Nilimtazama Bibi kwenye umati, amevaa kitenge chake kizuri, na roho ikaniuma kuliko siku ya msiba. Kitu pekee alichokuwa nacho, watu wazima wanakishika na kukirudisha mbele ya kanisa zima! Mtu wa nne alipofungua mdomo, nikamnyakua jogoo.

“Kama hammtaki, semeni!” nikapiga kelele huku nalia. “Ni mzima! Amelowa tu!”

Umati wote uliangua kicheko, mwinjilisti akajifuta machozi kwa Biblia yake. Jogoo, kwa hofu, akalinyea lile sweta la Bibi nililovaa.

Mzee Mlowe akainama mpaka macho yetu yakakutana. “Faraja, mwanangu, mlete huyo. Hatujamaliza kumnunua.”

Nikamtazama Bibi. Akaitikia kwa kichwa taratibu. Nikamtoa, na jogoo akaendelea kuzunguka mikono hadi nikachoka kuhesabu. Wa mwisho alikuwa Mama Ngole, mjane aliyekuja kanisani pekupeku. Akafungua fundo la kanga, akatoa alichokuwa nacho na kumpokea jogoo kwa mikono miwili. “Huyu sasa arudi kwa bibi yake,” akasema. Vigelegele vilivyopigwa hapo, nadhani vilisikika hadi Matamba, mbali huko milimani. Bibi alicheza. Bibi yangu, mwenye magoti mabovu, alicheza akimzunguka jogoo!

Jumatatu ile niliripoti shuleni, godoro likiwa kichwani, na jogoo alikuwa Lupembe akiwika kana kwamba amelipa ada yeye.

Siku ileile nilieleweshwa kwamba kila aliyemrudisha aliacha fedha yake mezani, alikuwa ananipeleka shule. Lingine nililielewa nikiwa mtu mzima. Kama tajiri mmoja angenilipia, ningeinamisha kichwa kila nikipita mlangoni kwake. Wao walinigawana. Niliporudi na cheti cha ualimu, hakuna aliyesema “nimemsomesha”. Lupembe nzima ilisema “tumesoma,” na Mama Ngole ndiye aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote.

Jumapili iliyopita, hapa Makambako, kwenye mnada wa kumsomesha mtoto mwingine yatima, niliinua mkono, nikamnunua kuku wa bibi yake. Ni kuku wa hovyo kweli. “Arudi mnadani,” nikasema kwa furaha. Pale mbele, binti mwembamba alikuwa ameng'ata mdomo, macho yamejaa machozi ya hasira. Niliyajua machozi yale.

Nikaenda, nikamwinamia sikioni. “Hawajamkataa,” nikamwambia. “Simama wima, mwanangu. Ndiyo kwanza wanaanza.”