Bomba Lililonikosanisha na Mtani Wangu

Mie ni mtu wa kushuku, na sifichi. Nikikaribishwa chai, nainusa kwanza. Miaka ile baada ya vita vya pili, Mwingereza akiwa bado anatutawala, nilikuwa dereva wa lori la mbao: napakia Pugu, nashusha Keko kwa maseremala. Lori lenyewe lilikuwa la jeshi, tajiri wangu alilinunua vita vilipokwisha. Fundi wake alikuwa Mnyamwezi mmoja, jirani yangu pale Temeke.

Mie Mzaramo, yeye Mnyamwezi, kwa hiyo sie ni watani, na watani hawasalimiani kwa adabu. Asubuhi mie namwita mpagazi, namuuliza mzigo wa leo anaupeleka wapi. Yeye ananijibu kwamba Mzaramo hata akifa, ngoma ikipigwa anafufuka kwanza acheze. Mtani anaweza kukuvua kofia mbele ya wakwe zako ukabaki unacheka, maana ukikasirika wewe ndiye mkosaji. Tuliishi hivyo miaka minne. Mie sikuzaliwa na ndugu wa kiume, na sikuwa na mtu mwingine wa kunichekesha siku nilizoamka nimenuna.

Basi, oili ya injini ikaanza kupungua. Chini ya lori hakuna hata tone, lakini kila nikichomoa kijiti cha kupimia, oili imeshuka. Tajiri akanionya kwamba ikiendelea hivyo nitafute kazi kwingine. Wanaofungua boneti tulikuwa wawili tu, na mie najijua sikuiba.

Nikafunga uzi mwembamba kwenye kifuniko cha oili. Nikamwaga majivu chini ya lori nione nyayo. Asubuhi uzi uko vilevile, majivu hayajaguswa. Nikapiga safari moja ya Pugu, kurudi oili imeshuka! Mtu mwingine angetulia hapo afikiri. Mie nikazidi kuamini kwamba mwizi ni hodari.

Ndipo nikaliona bomba. Malori mengine yote niliyoyajua yalikuwa na bomba la kutolea moshi wa tumboni mwa injini, limeelekea chini, moshi unakwenda zake barabarani. Hili letu lilipanda juu, likapita kwenye kijivali, kilango kidogo cha kupunguza moshi unaopita, likaingia pale injini inapovutia hewa, chini ya kabureta. Nikamuuliza la nini.

"Injini inapumua, mla nazi wee," akasema. "Ule moshi wa tumboni unavutwa, unarudi kuunguzwa upya. Hata vaipa yako ya kufutia kioo inaendeshwa na mvuto huohuo, kwa ule mpira pale pembeni. Huoni ukipanda mlima Pugu umekanyaga mafuta, vaipa inasimama? Mvuto unapungua. Sasa nipe petroli kidogo niioshe hii vali, imeshika masizi."

Petroli! Nikajisemea, ahaa, oili haikumtosha. Na injini gani duniani inakula pumzi yake yenyewe? Nikamnyima.

Siku ya pili, pale Keko, maseremala wote wanatazama, nikamwita mwizi. Akacheka. Alidhani ni utani, akajibu papo hapo kwamba angeiba basi angeiba mke wangu, maana oili ya Mzaramo haina hata harufu. Watu wakaangua kicheko. Mie nikamkamata shati. Akanitazama usoni, na kile kicheko chake kikafa. Akasubiri nimwachie. Kisha akafuta mikono, akakusanya spana zake mfukoni, akaondoka. Siku hiyohiyo akaacha kazi.

Oili ikaendelea kupungua. Wiki nzima fundi hayupo, boneti naifungua mie peke yangu, na oili inashuka! Nikalifungua lile bomba kwa mkono wangu. Pale linapoingilia kwenye injini palikuwa chapachapa kwa oili. Vali imegandia kwenye masizi, imebaki wazi, na injini ilikuwa inajinyonyea oili yake na kuiunguza, hasa nilipoachia mafuta kuteremka Pugu, mvuto ukiwa mkali. Ule moshi wa buluu nyuma yangu nilikuwa nauona siku zote, nikisema ni uzee wa lori. Nikaiosha vali kwa petroli, kikombe kimoja tu cha chai, na oili haikushuka tena.

Jioni nikaenda kwake. Nikamweleza yote, nikamwomba radhi kwa kinywa changu, mie nisiyemwomba mtu radhi. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Yamekwisha, bwana," akasema. "Binadamu hukosea." Akamwambia mkewe alete chai. Nikainywa bila kuinusa.

Lile neno "bwana" likanichoma. Nikajaribu kumchokoza. Nikamwambia, "Mpagazi mkubwa wee, chai gani hii, umeichemshia kwenye soksi?" Nikangoja. Nilitaka anitukane, amtukane babu yangu na ukoo wangu wote, nifurahi.

"Samahani, bwana," akasema. "Mama, muongezee mgeni sukari."

Nilipoaga akachukua taa, akanisindikiza mpaka barabarani kwa heshima zote.